Maksai Aliyeuzwa Bei ya Kundi

Siku moja ya mnada naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Ya harusi nimeshasahau nusu yake, na aliyenioa ametangulia mbele ya haki, basi hakuna wa kunikosoa. Ya mnada sijasahau kitu. Ulikuwa unavuma ule upepo wetu wa Ufipa wa mwisho wa kiangazi, unaobeba vumbi na kulitia machoni, na ng'ombe wa kijiji chetu walikuwa wamejikunyata zizini wameupa mgongo. Baba yangu alisimama nje ya zizi, kofia mkononi. Mimi nilikuwa ndani, kalamu nimeichomeka nyuma ya sikio kwa maringo. Watu wote walikuwa wananisubiri mimi niseme ndiyo au hapana. Nikasema. Lakini ngoja nianzie mwanzo, maana mzee akianzia hadithi katikati mnasema amechanganyikiwa.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumetolewa makwetu, kila ukoo ulikokuwa umetawanyika na mashamba yake ya ulezi, tukawekwa pamoja kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa paredi. Sitaki nikusimulie mabaya tu. Tulipata shule, tulipata kisima, tulipata josho la kuogeshea ng'ombe. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, mwandiko wangu mzuri na hesabu naziweza, wakanichagua kuwa karani wa kijiji. Fikiria, msichana hajaolewa, na wazee wazima wanaamka kwenye benchi wanasema, "Karani amefika." Kichwa kikavimba. Nikapelekwa kozi mjini Sumbawanga, nikarudi nimejaa maneno: usawa, unyonyaji, kujitegemea. Maneno yale bado nayaheshimu mpaka leo, usije ukanielewa vibaya. Ni mimi niliyeyatumia pasipo pake.

Baba yangu alikuwa mkulima kama wengine, ng'ombe wake wachache, lakini mkono wake kwa mifugo ulijulikana mpaka kijiji cha mbali cha Kate. Wengine walifuga kwa kuwaachia ng'ombe porini wajitafutie. Yeye aliwalisha. Mama akipika pombe ya ulezi, machicha hayakutupwa wala hayakupewa kuku, yalikwenda kwa maksai. Pumba za mahindi, kwa maksai. Majani mabichi ya bondeni aliyakata mwenyewe kiangazi, akayabeba kichwani watu wakimcheka kwamba anabeba mzigo wa mwanamke. Hakujali. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, na maksai wa baba walikuwa wameundwa kweli, mgongo umelala bapa unaweza kuweka bakuli la uji lisimwagike.

Mwaka ule alikuwa na mmoja mwekundu, mpole, tuliyemwita Bwana Shamba, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama kwenye kila shamba la mtu akalitazama muda mrefu kana kwamba ametumwa kulikagua. Baba alimtunza kwa misimu miwili bila kumfunga jembe. Watu walimwambia ni wazimu, dume lenye nguvu vile kukaa bure. Alikuwa na sababu yake.

Sababu ilikuwa nyumba. Huku kwetu baridi ya juu haina mzaha, na mama alikuwa na kifua. Kule tulikotoka nyumba yetu ilikuwa na paa nene la nyasi, lisilopitisha hata mvua ya mawe. Kijiji kipya kilikusanya nyumba nyingi mahali pamoja, na nyasi za kuezekea zikaisha mwaka wa kwanza. Waliochelewa kujenga, na sisi tulikuwa miongoni mwao, waliezeka kwa mabua na majani mabovu. Mvua ikinyesha mama alihamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda ile, na kukohoa kwake kulisikika mpaka kwa jirani. Baba alimwahidi kwamba kabla ya mvua za mwaka ule atamwezekea bati. Alikuwa akimpiga Bwana Shamba kofi la mgongoni na kumwambia mama, "Paa lako hili hapa, linakula."

Sasa nikueleze mnada ulivyokuwa, maana siku hizi mambo yamebadilika. Ng'ombe walinunuliwa na shirika la umma, na bei ilipangwa kwa daraja. Mtu wa madaraja alikuwa Bwana Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya, mrefu, mtaratibu, hakunywa pombe na kila Jumapili alikuwa anaimba kwaya ya kanisa lao kule Mazwi, mjini Sumbawanga. Alikuwa anaingia zizini, anamtazama ng'ombe kwa nyuma, anambonyeza kiunoni na penye shina la mkia, anamtazama meno, kisha msaidizi wake anampaka rangi ya daraja lake kwenye paja. La kwanza, la pili, la tatu. Bei ya la kwanza na la tatu hazikukaribiana hata kidogo. Ukitazama rangi pajani unajua mwenye ng'ombe huyu atarudi nyumbani anaimba au amenuna.

Siku moja mjane mmoja wa kijijini kwetu, Mama Skolastika, alipeleka ng'ombe mmoja katika wale wake wachache. Alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu. Akapakwa daraja la tatu. Nyuma yake alisimama Mzee Gaudensi, mtu wa zizi kubwa na mdomo mkubwa, na ng'ombe wake akapakwa la kwanza. Mzee Gaudensi akacheka, akamwambia yule mama, "Wewe ulileta ng'ombe au ulileta ngozi?" Mama Skolastika akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akalia. Mwanangu, nililia naye. Nikarudi nyumbani moyo unanichoma. Nikajiuliza, huu ni ujamaa gani, wa kumpaka mjane rangi ya aibu mbele ya watu?

Nikaandaa hoja yangu, nikaipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nilisema kijiji ni familia moja, na familia haiuzi ng'ombe mmoja mmoja kwa kushindana. Tuwapeleke ng'ombe wetu wote pamoja, tuwauze kwa mkupuo, bei moja kwa kila kichwa, na kila mwenye ng'ombe apate sawa na mwenzake. Hakuna daraja, hakuna rangi, hakuna wa kuchekwa. Mwenyekiti alifurahi mpaka akasimama. Umoja ni nguvu, alisema, utengano ni udhaifu. Watu wakapiga makofi. Mama Skolastika alinishika mikono yangu yote miwili.

Baba peke yake ndiye aliyenyoosha mkono kuuliza. Alikuwa amekaa nyuma, na hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Akasema, "Mimi nauliza tu. Yule atakayemlisha ng'ombe wake kiangazi chote, na yule asiyemlisha, wakapata sawa. Mwaka unaofuata nani atalisha?"

Watu wakacheka. Mmoja akasema mzee anaogopa kutenganishwa na machicha yake. Na mimi, mwanangu, mimi binti yake, nilicheka pamoja nao. Nikamjibu kwa sauti ya kozi kwamba swali hilo ni la fikra za zamani, za mtu kujiona yeye. Baba akatikisa kichwa polepole, akakaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika siku ile halikuwa langu, na ndiyo maana nakusimulia kwa uchungu.

Bwana Ambakisye tulipomweleza alikuna kidevu. Akasema yeye anaweza kununua kwa kundi, itampunguzia kazi, ila bei yake ataipata kwa kulitazama kundi zima lilivyo. Tukakubali. Na mara ya kwanza, nisiseme uongo, ilikwenda vizuri mno. Watu walileta ng'ombe walewale waliokuwa wameshawaandaa, wazuri na wabaya mchanganyiko, na bei ya kundi ikawa nzuri. Mama Skolastika akapata fedha ambayo hajawahi kuiota, akawanunulia wanawe sare. Viongozi kutoka mjini walikuja kutupongeza. Mimi nilipandishwa nyuma ya trekta nikapungia watu mkono kama malkia. Nikikumbuka ule mkono mpaka leo nauonea aibu.

Mnada uliofuata nilianza kuona mambo, lakini nilijifanya sioni. Mtu aliyekuwa na ng'ombe watatu, mmoja mnene na wawili wamechoka, alileta wale waliochoka. Kwa nini alete mnene, na bei ni moja? Akaja ng'ombe chongo. Akaja bibi mzee wa ng'ombe, meno yameisha, ambaye mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa naye. Wanene wakabaki nyumbani, au wakaenda kwa mchinjaji wa Mazwi kwa njia ya porini, jioni jioni, kimyakimya. Kiongozi wa njia hiyo ya porini alikuwa nani? Mzee Gaudensi. Aliyepiga makofi kuliko wote mkutanoni. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua kwamba mwenzake anajua, na mikutanoni tuliendelea kusema umoja ni nguvu.

Bwana Ambakisye aliponunua kundi lile la pili, alishusha bei. Akaniita kando, akasema kwa upole wake, "Dada Karani, mimi siwezi kununua maneno. Kundi lenu linashuka. Na mimi nikishusha bei, mwenye mzuri ndiyo hamleti kabisa, nami nitashusha tena. Mwisho mtaniletea mifupa." Kisha akasema niruhusu apange madaraja kama zamani, na kama kijiji kinataka kumsaidia mjane, kikae baadaye kimchangie. Nilimwona kama mtu asiyeelewa. Nikamwambia sisi hatuuzi ng'ombe, tunauza kijiji. Nilipenda sana jibu lile. Nililirudia nyumbani wakati wa chakula, na mama akacheka hadi akakohoa, baba akaendelea kula.

Ikafika mnada wa mwisho kabla ya mvua, ule niliokuanzia nao. Siku mbili tatu kabla yake nilikuwa joshoni, na baba akaja na Bwana Shamba kumwogesha. Alipotoka ndani ya dawa, maji yanamchuruzika, alikuwa anang'aa kama chungu kipya. Baba aliniita. Mimi nilichukua jina la mama yake, kwa hiyo alikuwa ananiita mama.

"Mama," akasema, "huyu naweza kumpeleka peke yake? Nimwambie Bwana Ambakisye ampange."

Nilijua anaulizia nini. Nilijua paa la nyumbani lilivyo. Nilijua pia kwamba Mzee Gaudensi alikuwa ameshamfuata akamwambia kuna nafasi kwa mchinjaji wa Mazwi, bei ya maana, na baba alikataa kwa sababu hakutaka isemwe kwamba baba wa karani anavunja sheria ya karani. Hayo yote niliyajua nikiwa nimesimama pale joshoni. Na nikamjibu, "Baba, sheria ni ya wote. Nikikuruhusu wewe, watu wataniambiaje?"

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, mama." Akamwongoza Bwana Shamba nyumbani, na njiani maksai akasimama kukagua shamba la mtu, na baba akamsubiri.

Siku ya mnada kundi letu lilikuwa aibu tupu. Sitaki kulieleza. Mafahali wazee, mitamba yenye kupe, ng'ombe mmoja alikuwa hawezi kusimama vizuri akaegemea mwenzake. Na katikati yao Bwana Shamba, mwekundu, ametulia. Wakulima wa vijiji vingine walikuja kumtazama. Bwana Ambakisye alisimama kwenye uzio, akalipitia kundi kwa macho, akataja bei bila hata kuingia. Ilikuwa bei ya chini kuliko ya daraja la tatu la siku ile Mama Skolastika alipolia. Watu wakaguna. Akasema hawezi zaidi, asiyetaka arudi na ng'ombe wake.

Ndipo macho yake yakamwona Bwana Shamba. Akafungua lango akaingia, akawasukuma wengine kwa magoti, akafika, akaweka kiganja chake mgongoni kwa yule maksai. Hakubonyeza hata mara mbili. Akauliza, "Huyu wa nani?" Wakamwonyesha baba. Akasema, "Mzee, shikamoo. Huyu mtoeni nje ya kundi nimpe daraja lake. Tangu nije huku sijapaka rangi ng'ombe kama huyu. Karani, unaruhusu?"

Hapo ndipo nilipokuanzia, mwanangu. Watu wote wakanigeukia. Mzee Gaudensi akasema kwa sauti kwamba sheria ni sheria, au ina baba na mama? Wengine wakaitikia. Walikuwa wanajua, watu wale, kila mmoja alikuwa ameficha mnene wake nyumbani, na bado walitaka bei ya baba iwe kama yao. Mwenyekiti akatazama viatu vyake. Na baba? Alikuwa ameshika kofia, ananitazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Alikuwa anangoja tu. Laiti angekasirika. Laiti angenigombeza mbele za watu kama baba wengine, labda ningezinduka.

Nilimwona Bwana Shamba. Nilimwona vizuri kama ninavyokuona wewe. Nilijua thamani yake na nilijua anachostahili, na ilikuwa ndani ya uwezo wangu kusema neno moja tu. Lakini nilifikiria yale makofi ya mkutano. Nilifikiria wageni wa mjini walioniita mfano wa vijana. Nikaona nikisema ndiyo, nitakuwa nimekiri kwamba hoja yangu ilikuwa imeoza tangu mwanzo. Nikasema, "Hatutengani. Bei ni moja."

Bwana Ambakisye akaondoa mkono wake mgongoni kwa maksai, akatoka zizini, akafunga lango. Baba akavaa kofia yake. Alimwendea Bwana Shamba akamkwaruza kidogo katikati ya pembe, mahali alipopenda kukwaruzwa, kisha akaenda kusimama kwenye foleni ya malipo nyuma ya mwenye yule ng'ombe chongo. Walipata sawasawa.

Fedha ile ilitosha mabati ya upande mmoja wa paa. Upande wa pili baba aliezeka kwa majani aliyoyafuata mbali sana, na hayakutosha. Kitanda cha mama kikawekwa upande wa bati, lakini nyumba ni moja, baridi haijui mpaka, na upande wa pili maji yalikuwa yanaingia mpaka sakafu nzima inakuwa tope. Mvua za mwaka ule zilikuwa za muda mrefu. Kifua cha mama kikabana. Tulimpeleka hospitali kwa baiskeli, baba anasukuma mimi namshikilia, na alirudi, akapelekwa tena. Mara ya pili hakurudi. Daktari alisema kifua kile kilikuwa kibovu miaka mingi. Inawezekana. Sisemi bati lingemponya, mimi si Mungu. Lakini mama yangu alikufa akiwa amelowa miguu ndani ya nyumba yake, na paa lake lilikuwa limesimama zizini mbele yangu likiwa zima, nami nikaligawa.

Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo nilimpata kabla sijaolewa, na ndiye asiyenihama mpaka leo.

Baada ya arobaini nilimfuata baba shambani. Alikuwa anapandisha matuta, majani chini udongo juu, vile sisi Wafipa tunavyoozesha nyasi zilishe mbegu. Nikapiga magoti, nikamwambia, "Baba, nisamehe." Nilitaka anipige. Akakaa juu ya tuta, akafuta mpini wa jembe kwa kiganja.

Kisha akasema, "Mama, nimekusamehe siku ileile. Wewe ulimwonea huruma yule mjane, na huruma si dhambi. Lakini nikwambie kitu kimoja. Wewe ulikuwa na macho. Ulimwona ng'ombe. Ulikataa tu kusema ulichokiona."

Aliinuka akaendelea na tuta lake. Na tangu mwaka ule, mwanangu, baba hakulisha tena maksai. Aliwafuga kama wengine walivyofuga, wanajitafutia porini, wanarudi jioni wamekonda. Machicha alianza kuwapa kuku. Ndugu zangu wadogo hawakujifunza kwake namna ya kumtengeneza ng'ombe, maana hapakuwa na kitu cha kuwaonyesha, na ujuzi ule aliouchukua kwa babu yake akaenda nao kaburini. Hilo nalo linaniuma. Niliua zaidi ya kimoja kwa neno moja.

Sheria yangu yenyewe ilikufa bila mkutano. Mnada uliofuata watu hawakuleta kitu, na baadaye kila mmoja akaanza kupeleka ng'ombe wake mwenyewe kama zamani, tena bila kutazamana usoni. Bwana Ambakisye alikuwa anapaka rangi kama kawaida, ila kwa muda mrefu ng'ombe wa kijiji chetu aliwabonyeza mara mbili mbili, kwa wasiwasi. Jina likishachafuka, mwanangu, hata mwema wa kijiji hicho huchunguzwa kama mwizi. Mama Skolastika, ambaye kwa ajili yake nilifanya yote yale, alirudi kwenye daraja lake la tatu, na safari hii hapakuwa na mtu aliyekumbuka kumchangia. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilichelea mjane kulia, tukalia wote.

Sasa nikuambie ninachotaka ukibebe, maana hadithi bila nasaha ni kelele za bibi mwenye upweke. Utapewa kazi ya kupima. Hujui bado itakuwa ipi, lakini utapewa. Labda utasahihisha mitihani ya watoto, labda utapokea magunia ya mahindi ghalani, labda utaambiwa useme nani kati ya wafanyakazi wako apande cheo. Siku hiyo kutakuwa na mtu wa kumhurumia, na kutakuwa na watu wa kukupigia makofi. Pima hivyo hivyo. Kizuri kiite kizuri na kibaya kiite kibaya, kwa adabu, bila kumcheka mtu kama alivyocheka Mzee Gaudensi, maana aibu ile ndiyo iliyozaa upumbavu wangu. Ukishapima, ndipo umhurumie unayetaka kumhurumia, kwa mkono wako na kwa mfuko wako, na uwaombe wengine wachange. Usimhurumie kwa kuharibu kipimo. Kipimo kikiharibika, anayejituma huona hakuna faida ya kujituma, na mjanja hupata mahali pa kujificha, na yule mnyonge uliyetaka kumwinua hukuta hamna tena cha kugawana.

Na ukikosea, kama nilivyokosea, rudi mapema. Wengi wetu hatuangushwi na kosa la kwanza. La kwanza ni ujinga, na ujinga unasameheka. Mimi niliangushwa na kuogopa kuonekana nimekosea, na nilikuwa na nafasi mbili za kurudi, moja joshoni na nyingine zizini, zote nikazipita kwa kiburi. Usione haya kusema mbele za watu kwamba jana ulisema vibaya. Watakucheka wiki moja, na mimi ningetoa kila nilichonacho nichekwe wiki ile.

Basi sogea nikuwekee mkono kichwani. Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona vitu kama vilivyo, akupe na ulimi wa kusema ulichokiona. Akupe kazi, akupe afya, mvua isikunyeshee ndani. Na akuepushe, mwanangu, na sifa ambayo gharama yake wanailipa watu wa nyumbani kwako.